Rimoti ya Yunivaso Imegoma: Anza na Taa, Kisha Jicho, Kisha Msimbo

Rimoti asili ya TV ikipotea au ikitumbukia kwenye beseni la nguo, wengi hupitia kibanda cha vifaa vya simu wakarudi nyumbani na rimoti ya yunivaso, ile moja inayodai kuendesha TV za kila chapa. Jioni hiyohiyo inagoma. Unabadilisha betri, unabofya kila kitufe, mwishowe unairudisha, na muuzaji anaijaribu kwa TV yake mbele yako. Inafanya kazi. Unabaki ukijiuliza mbona kwake inatii na kwako haisikii.

Kati ya kidole chako na TV kuna hatua tatu. Rimoti itoe mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Jicho la TV liupokee mwanga huo. Kisha lugha ya rimoti iwe ile ambayo TV inaielewa. Watu wengi huanzia hatua ya tatu, yaani misimbo, na ndiyo maana mtu anaweza kumaliza saa nzima akiingiza nambari kwa rimoti isiyotoa hata chembe ya mwanga.

Je, rimoti inatoa mwanga?

Fungua kamera ya simu, elekeza kichwa cha rimoti kwenye lenzi na ubonyeze kitufe cha sauti bila kuachilia. Kwenye skrini ya simu utaona nukta ya zambarau au nyeupe ikimetameta. Tumia kamera ya mbele, ile ya selfi, kwa sababu kamera ya nyuma ya simu nyingi ina kichujio kinachozuia infraredi na inaweza kukudanganya kwamba rimoti imekufa. Ili uwe na uhakika, jaribu kwanza kwa rimoti unayojua ni nzima, kama ya king'amuzi.

Aliye na kabambe isiyo na kamera atumie redio. Iweke kwenye AM, mahali pasipo na stesheni, sogeza rimoti hadi karibu iiguse, kisha bonyeza. Rimoti inayofanya kazi huleta mlio wa kukwaruza unaokatika kila ukiachilia kitufe. Redio haikuonyeshi kama taa yenyewe ni nzima. Inakuonyesha tu kwamba saketi ya ndani inafanya kazi.

Usitegemee ile taa ndogo nyekundu au ya bluu inayowaka juu ya rimoti. Hiyo hula umeme kidogo sana. Taa ya infraredi huvuta umeme mwingi kwa mipigo mifupi, kwa hiyo betri zilizochoka huweza kuwasha taa ya juu vizuri kabisa huku zikishindwa kufikisha ishara mita mbili.

Kama hakuna mwanga, betri ndizo za kwanza kupimwa. Betri mbili za AAA zikiwa mpya hutoa takribani volti 1.5 hadi 1.6 kila moja. Pima kwa mita huku kitufe kimebonyezwa. Ikishuka chini ya 1.2, tupa. Usichanganye mpya na ya zamani, wala alkalini na zile za kawaida za bei nafuu, kwa sababu ile dhaifu huishia kuvuja. Betri za kuchaji ni za takribani volti 1.2 hata zikiwa nzima, kwa hiyo kipimo hicho hakizihusu. Rimoti nyingi huzikubali.

Kisha angalia springi. Kisumu na miji ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na springi za chuma chembamba hushika kutu ya kijani au unga mweupe. Unga mweupe wa betri ya alkalini huondolewa kwa pamba iliyochovywa siki au maji ya limau, kisha unafuta kwa spiriti na kuacha ikauke dakika kumi. Ukiacha siki pale, italeta kutu yake yenyewe. Springi iliyolegea ivute kidogo kwa ncha ya bisibisi ili ibane betri.

Rimoti iliyonyamaza baada ya kuanguka sakafuni mara nyingi imekatika miguu ya taa ya mbele, au lehemu ya springi imepasuka, au kijidude cha kuhesabu mapigo, kile fundi anaita kristali, kimevunjika ndani. Viwili vya kwanza vinachomelewa kwa dakika tano. Cha tatu kinabadilishwa, ingawa kwa rimoti ya bei ya chini kununua nyingine ni nafuu kuliko muda wa fundi.

Mwanga upo, TV haisikii hata ukiwa hatua moja

Anza na kitambaa. Sebule nyingi za kwetu zina vitambaa vya kushona kwa mkono vilivyotandikwa juu ya TV, na ncha yake nzuri ya pembetatu huning'inia hasa pale jicho lilipo, chini katikati au kwenye kona ya kulia. Saundiba iliyosimamishwa mbele ya TV hufanya kosa hilohilo. Nakuru wakati wa kiangazi vumbi hujenga tabaka juu ya kioo cha jicho. Kando ya Ziwa Victoria wale wadudu wadogo wa ziwa hufuata mwanga wa skrini usiku na kuacha uchafu kwenye ukingo wa chini. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipulizie dawa ya kusafishia vioo moja kwa moja, itateremka hadi ndani ya skrini.

Kisha chomoa TV kwenye soketi. Kuizima kwa rimoti hakutoshi. Ngoja dakika mbili, bonyeza kitufe cha TV yenyewe kwa sekunde kumi ikiwa imechomolewa, halafu rudisha. Stima ikipotea na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, ile kompyuta ndogo inayobaki macho TV ikiwa stendibai huganda. Taa nyekundu inawaka kama kawaida lakini hakuna amri inayopokelewa. Tatizo hili hutibiwa kwa kukata umeme kabisa na kwa hilo pekee.

Tazama pia taa nyekundu ya TV unapobonyeza rimoti. TV nyingi humetesha taa hiyo kila zinapopokea amri. Ikimeta, jicho ni zima na tatizo lako ni lugha, kwa hiyo ruka hadi sehemu ya msimbo. Isipometa, jaribu rimoti nyingine unayojua ni ya TV hiyo, hata ukiazima kwa jirani mwenye TV kama yako. Nayo ikikataa, jicho lina hitilafu.

Kazi ya jicho ni ya fundi, lakini ni vyema ujue atafanya nini ili usiuziwe bodi nzima. Jicho ni kipande kidogo chenye miguu mitatu, umeme, ardhi na ishara, kikiwa juu ya kibodi chake kilichounganishwa na bodi kuu kwa waya mwembamba. Fundi hupima kama volti 3.3 au 5 inafika pale. Ikifika, anapima mguu wa ishara, ambao hukaa karibu na volti ileile na kushuka kidogo unapobonyeza rimoti. Usiposhuka, kipande hicho kinabadilishwa peke yake. Mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya aina moja na nyingine, kwa hiyo asichomelee kwa kukisia. Na mwenye nyumba asifungue mgongo wa TV: kwenye bodi ya umeme kuna kapasita inayoshikilia zaidi ya volti 300, na inaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa.

Nyumba za Kakamega na Kisii, ambako radi hupiga sana, ziangalie jambo moja zaidi. TV ikiwaka kwa kitufe chake na picha iko, lakini imeacha kusikia rimoti tangu siku ya mvua ya radi, mwambie fundi aanzie kwenye kibodi hicho cha jicho na waya wake kabla ya kulaumu bodi kuu.

Inafanya kazi asubuhi, jioni inakataa

Hii huwashangaza watu. Jua lina infraredi nyingi kuliko rimoti yako, na linapomulika jicho moja kwa moja, ishara humezwa. Kisumu iko karibu na ikweta na jua huchwa karibu saa ileile mwaka mzima, hivyo TV inayotazama dirisha la magharibi itakuwa na shida kati ya saa kumi na saa kumi na mbili kila siku yenye jua. Ziba dirisha kwa pazia, ujaribu. Ikitii, geuza TV kidogo, nyuzi ishirini tu hutosha.

Balbu za kubana matumizi ya umeme na baadhi ya taa za LED za bei ya chini hufanya vivyo hivyo usiku. Zima balbu, jaribu gizani. Tofauti ikionekana, hamisha balbu au badilisha aina yake. Ukiwa na kabati la ukutani lenye mlango wa kioo cha rangi, fungua mlango kabla ya kulaumu kitu kingine.

Hakuna msimbo unaokubali

Rimoti nyingi hutuma mipigo ya mwanga inayowashwa na kuzimwa mara elfu 36 hadi 40 kwa sekunde, kulingana na chapa. 38 ndiyo ya kawaida zaidi, Sony hutumia 40, na mfumo wa zamani wa Philips ni 36. Ndani ya mipigo hiyo kuna sehemu mbili: anwani ya kifaa na amri. Ni kama barua yenye sanduku la posta na ujumbe. TV husoma anwani kwanza, na isipokuwa yake hutupa barua bila kuifungua. Msimbo unaouingiza kwenye rimoti hauendi kwa TV kabisa. Unaiambia rimoti itumie mtindo gani wa barua kutoka kwenye orodha yake.

Kutokana na hapo mambo mawili hueleweka. La kwanza, orodha ya misimbo uliyoipata kwenye mtandao haina maana kama si ya rimoti yako hasa, kwa sababu kila mtengenezaji ana orodha yake. Nambari inayomaanisha Samsung kwenye rimoti moja inaweza kuwa ya DVD kwenye nyingine. Hifadhi kikaratasi kilichokuja kwenye pakiti. La pili, jina lililoandikwa chini ya skrini si lazima liwe jina la bodi iliyo ndani. TV nyingi za chapa ndogo hujengwa kwa bodi kutoka viwanda vichache vya China, na chapa moja inaweza kubadilisha bodi kati ya toleo na toleo. Msimbo wa jirani yako mwenye TV ya jina lilelile waweza kukataa kwako, na msimbo wa chapa usiyoijua ukakubali.

Rimoti zenye kitufe cha SET na orodha ya nambari huwekwa hivi:

1. Washa TV kwa kitufe chake mwenyewe, chini au nyuma ya skrini.
2. Kama rimoti ina vitufe vya TV, STB (yaani king'amuzi) na DVD, bonyeza TV kwanza. Hatua hii hurukwa sana, na msimbo huhifadhiwa mahali pasipofaa.
3. Bonyeza SET bila kuachilia, sekunde 3 hadi 5, mpaka taa ya rimoti ibaki imewaka.
4. Ingiza tarakimu zote, tatu au nne kulingana na kikaratasi, bila kusitasita. Ukikaa sekunde chache bila kubonyeza, rimoti hutoka kwenye hali hiyo yenyewe.
5. Taa ikizima, imekubali nambari. Ikimeta haraka au ikibaki imewaka, nambari hiyo haipo kwenye orodha yake.
6. Jaribu sauti, chaneli, menyu na mishale. Usiridhike na kitufe cha kuzima peke yake.

Rimoti zenye majina ya chapa zilizoandikwa kwenye vitufe ni rahisi zaidi. TV ikiwa imewaka, elekeza rimoti, bonyeza jina la chapa bila kuachilia, na usitoe macho kwenye skrini. Rimoti hupitia misimbo ya chapa hiyo mmoja mmoja ikituma amri ya sauti. Mstari wa sauti ukitokea, achilia papo hapo. Ukichelewa nusu sekunde utakuwa umeshavuka. Kama chapa yako haipo kwenye vitufe, jaribu vyote. Ni dakika chache.

Kwa TV za chapa ndogo, msako wa moja kwa moja hushinda orodha. Bonyeza SET hadi taa iwake, kisha POWER au CH+ kama kikaratasi kinavyosema. Taa itameta kila msimbo unapotumwa. Kaa mita mbili, mkono utulie, weka rimoti juu ya meza ikibidi. Orodha ina mamia ya misimbo, kwa hiyo robo saa si ajabu, na watu wengi hukata tamaa dakika ya tatu. TV ikizima, bonyeza kitufe chochote mara moja ili msako usimame. Ukikosea na ikawaka tena, baadhi ya rimoti hurudi nyuma kwa CH-. Nyingine zitakuanzisha upya.

Inazima na kuwasha, lakini menyu haitii

Umepata msimbo wa binamu, si wa ndugu. Anwani imelingana na amri chache zimelingana, zilizobaki ni za toleo jingine. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaona TV imezima, wanafurahi, wanatoka kwenye msako, kisha wanalalamika kwamba rimoti ni feki. Rudi ukaendelee na msimbo unaofuata. Pengine wa tano utakuwa na menyu, na wa tisa utakuwa na menyu pamoja na kitufe cha kuchagua chanzo. Ukipata unaofaa, uandike kwenye kipande cha selotepu ndani ya kifuniko cha betri.

Vitufe vya Netflix na YouTube havimo kwenye misimbo mingi ya zamani. Kwenye TV janja, tumia kitufe cha HOME na mishale kufika huko.

Vitufe vingine vimekufa, vingine vizima

Hapa kuna sababu mbili na hutenganishwa kwa kamera ya selfi. Bonyeza kitufe kilichokufa. Mwanga ukimeta, rimoti ni nzima na msimbo ndio haufai, kwa hiyo rudi sehemu iliyotangulia. Mwanga usipometa, kitufe chenyewe hakigusi.

Vitufe vimepangwa ndani kama safu za mahindi, mistari na nguzo. Kitufe kimoja pekee kikifa, ni mafuta ya vidole, chai au uchovu wa kile kitufe. Vikifa vyote vya mstari mmoja, waya wa mstari huo juu ya bodi umekatika au umeliwa na kutu. Ndiyo sababu wakati mwingine 2, 5 na 8 hukataa pamoja.

Kusafisha kunawezekana nyumbani:

Toa betri. Angalia skrubu, mara nyingi imefichwa ndani ya sehemu ya betri. Pasua maungio kwa kadi ya plastiki, kama laini ya simu ya zamani, ukizunguka ukingo wote polepole. Kisu hukata vindoano vya plastiki na rimoti haitafunga tena. Mpira wa vitufe uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke kabisa. Bodi ifute kwa pamba na spiriti bila kusugua kwa nguvu, kwa sababu zile alama nyeusi ni tabaka jembamba la kaboni na msasa huziondoa moja kwa moja. Usitumie mafuta ya taa, huvimbisha mpira.

Kitufe kilichopoteza weusi wake chini ya mpira hakisafishiki. Kata kipande cha foili cha ukubwa uleule, kigandishe kwa tone dogo sana la gundi, upande unaong'aa ukitazama bodi. Gundi ikimwagika juu ya foili, haitapitisha umeme. Hudumu miezi kadhaa, na kwa vitufe vya sauti ambavyo ndivyo huisha kwanza, inafaa kabisa.

Kuhusu desturi ya kuiacha rimoti ndani ya nailoni yake: inazuia chai, hilo kweli. Lakini nailoni ikishakunjamana na kuwa ya njano mbele ya taa, hupunguza umbali. Toboa tundu upande wa kichwa.

TV inaongeza sauti au kubadilisha chaneli yenyewe

Toa betri za rimoti na usubiri. Hali ikiisha, kuna kitufe kilichonata ndani ya rimoti, kisafishe kama ilivyoelezwa. Ikiendelea, rimoti haina hatia: ni vitufe vya TV vyenyewe. Unyevu huingia kwenye kibodi cha pembeni na kupitisha umeme kidogo, na TV inadhani kuna mtu anabonyeza. Fundi akichomoa waya wa kibodi hicho, TV itatulia, nawe utabaki ukitegemea rimoti pekee hadi kibodi kibadilishwe. Huu ndio ugonjwa unaofanya watu wanunue rimoti tatu bure.

Rimoti moja inagusa vifaa viwili

Ukiongeza sauti ya TV, king'amuzi kinabadilisha chaneli, au wufa inazima. Vifaa hivyo viwili vinatumia anwani moja. Ipatie rimoti msimbo mwingine unaokubaliwa na TV. Kama hakuna, sogeza kimoja mahali ambapo jicho lake halioni unapokaa.

Vibanda vya mpira vyenye TV mbili za chapa moja ukutani vina tabu zaidi, kwa sababu hapo misimbo haiwezi kusaidia: zote mbili zinaelewa lugha moja. Dawa ni kuziba jicho la moja. Tepu nyeusi ya stima peke yake haitoshi sikuzote, maana baadhi ya plastiki nyeusi hupitisha infraredi vizuri tu. Weka foili kwanza, kisha tepu juu yake. Au tengeneza bomba la karatasi ngumu la sentimita kumi mbele ya rimoti, ili mwanga uende TV unayoilenga.

King'amuzi hakitii

TV ikitii na king'amuzi kikakataa, angalia kama umebonyeza STB kabla ya kuingiza msimbo. Kama ulifanya hivyo na bado kinakataa, usipoteze siku. Ving'amuzi vingi vya antena vya chaneli za bure havimo kwenye orodha za rimoti nyingi.

Njia bora ni kugeuza mambo: badala ya kufunza rimoti ya TV iendeshe king'amuzi, funza rimoti ya king'amuzi iendeshe TV. Rimoti nyingi za ving'amuzi zina vitufe vinne hadi sita vilivyozungushiwa mstari na kuandikwa TV. Hivyo hujifunza. Bonyeza SET ya eneo hilo hadi taa iwake, bonyeza kitufe unachotaka kufunza, kisha weka rimoti ya TV kichwa kwa kichwa nayo, umbali wa sentimita mbili hadi tano juu ya meza, na ubonyeze kitufe kilekile kwa kifupi. Taa ikimeta, imeshika. Endelea na kinachofuata, na mwisho bonyeza SET kuhifadhi. Fanya hivyo mbali na jua na balbu, betri za zote mbili zikiwa nzuri, la sivyo itajifunza kelele. Unahitaji rimoti inayofanya kazi ili kufundisha, lakini ya kuazima dakika tano inatosha.

Kitufe cha sauti ya kuongea na mshale wa kuelea havifanyi kazi

Havitafanya. TV janja nyingi hutumia bluetooth kwa maikrofoni na mshale, na rimoti ya yunivaso ya infraredi haina bluetooth. Nyingi huendelea kukubali infraredi kwa vitufe vya kawaida, ndiyo maana sauti na kuzima vinatii.

Rimoti asili ya bluetooth iliyoacha kuitikia mara nyingi imetengana na TV tu. Kwa rimoti nyembamba za Samsung, shika kitufe cha kurudi pamoja na cha kucheza/kusimamisha kwa sekunde tatu ukiwa karibu na TV. Kwa Magic Remote ya LG, bonyeza gurudumu la katikati mbele ya TV iliyowaka. Vijiti vya Fire TV havina jicho la infraredi kabisa, hivyo rimoti ya yunivaso ya kawaida haiwezi kuviendesha hata uwe na msimbo upi. Ila kama TV inapeana amri kupitia waya wa HDMI, mfumo ambao Samsung huuita Anynet+, LG Simplink na Sony Bravia Sync, mishale ya rimoti ya TV itaendesha kijiti. Uwashe kwenye mipangilio ya TV.

Simu yenye taa ya infraredi juu ya ukingo wake, kama Redmi nyingi, nayo ni rimoti ya yunivaso, na masharti ni yaleyale: jicho, jua, msimbo. Simu zisizo nayo kwa kawaida huendesha TV janja kwa waifai, TV na simu zikiwa kwenye mtandao mmoja, na mara nyingi TV ikiwa tayari imewaka.

Skrini inasema hakuna signali

Hapa rimoti imetii kupita kiasi: katika kujaribu misimbo umebadilisha chanzo. Bonyeza SOURCE, INPUT au TV/AV, subiri orodha, chagua HDMI ambayo king'amuzi kimechomekwa. Rimoti isiyo na kitufe hicho isikutese. TV nyingi mpya zina kitufe kimoja chini ya nembo: ukikigusa kifupi, menyu ndogo hutokea, kila mguso unasogea hatua moja, na kukishika sekunde mbili huchagua au kuzima, kulingana na TV.

Msimbo unapotea kila ukibadilisha betri

Rimoti za bei ya chini hushikilia msimbo kwa umeme uliobaki kwenye kapasita ndogo, nao huisha upesi. Andaa betri mpya mkononi kabla ya kutoa za zamani, badilisha moja baada ya nyingine, na usibonyeze kitufe chochote katikati, kwa sababu kila mbonyezo hunyonya umeme uliobaki. Ikisahau licha ya hayo, msimbo uko pale kwenye selotepu ndani ya kifuniko.